Subaru ya zamani isiyowaka: angalia bodi na kadi kabla ya injini

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Dodoma ambaye barua yake mliichapa wiki iliyopita. Aliuliza kama anunue Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998 anayouziwa shilingi milioni 7, gari likiwa limesimama kwa sababu, kwa maneno ya muuzaji, "ni gasketi tu," yaani kile kizibo cha ndani ya injini kinachozuia maji na oili visichanganyike. Mimi ni fundi magari hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa magari ya Kijapani ya aina hiyo. Kijana huyo ameshajibiwa na wasomaji wawili katika ukurasa huu huu. Mmoja kamwambia asithubutu, mwingine kamwambia achukue upesi kabla bei haijapanda. Wote wawili wamejibu bila kuuliza ambacho fundi angeuliza kwanza: bodi ikoje, na kadi ya gari, ile ya umiliki, iko kwa nani?

Msimamo wangu ni huu. Gari la spoti la zamani linalohitaji matengenezo linaweza kuwa ununuzi mzuri kabisa, hata likiwa haliwaki. Ila linunuliwe kwa uzima wa bodi na usafi wa karatasi zake, na bei ihesabiwe kana kwamba injini, turbo (kile kipulizio kinachoisukumia injini hewa) na gia boksi vyote vimekufa. Injini inatafutwa na inapatikana. Bodi iliyooza hairudi kuwa nzima, na kadi yenye utata inaweza kumlaza mtu mahabusu akiwa na risiti zake zote mkononi.

Jambo hili nimelipitia karibuni kwa ajili ya mpwa wangu. Ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, ana mshahara wake, hana mkopo, na tangu akiwa shule ya msingi alikuwa akinishikia tochi gereji wakati wenzake wanacheza rede. Anataka WRX ya umbo la kwanza, ile iliyotoka kuanzia mwaka 1992 hadi 2000, na hataki kingine. Sikumkatalia. Mtu mzima mwenye pesa yake halali ana haki ya kupenda gari, na gari lile lina sababu ya kupendwa: injini ya lita 2 yenye turbo, pistoni zimelala kushoto na kulia badala ya kusimama, uzito umekaa chini, na tairi zote nne zinavuta. Likipita kona utadhani limeshikwa na lami. Nilimwomba jambo moja tu, asitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla sijaliona gari mwenyewe.

La kwanza lilikuwa hapa hapa mjini. Rangi ya buluu, rimu za dhahabu, yaani rangi zile zile za Impreza ya Colin McRae aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1995. Dalali alitaka milioni 9. Liliwaka kwa mara moja na likatoa ule mlio wa kugugumia ambao vijana wanaujua hata gari likiwa mtaa wa tatu. Mpwa wangu aligeuka kunitazama, na machoni alikuwa ameshanunua.

Nilianza na boneti. WRX halisi ina tundu juu ya boneti, na chini ya tundu hilo imekaa intakula, rejeta ndogo inayopoza hewa ya turbo. Ukifungua boneti ukakuta chini ya tundu hakuna kitu, ujue tundu ni pambo. Zipo Impreza nyingi za lita 1.5 zilizovalishwa boneti la WRX na bawa la nyuma, na zinauzwa kwa bei ya WRX. Kisha soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. Za lita 2 za Japani zenye turbo huanza na GC8. Ukikuta GC1, hiyo ni ya lita 1.5 inayovutwa na tairi za mbele, na hakuna bawa litakaloibadilisha. Gari la dalali lilipita hapo. Intakula ilikuwepo, namba ilikuwa GC8, na ilifanana na ya kwenye kadi.

Nikatoa sumaku yangu niliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi. Nikaipitisha mlangoni, ikashika. Nikaipitisha kwenye upinde wa bati juu ya tairi la nyuma la kulia, ikateleza ikaanguka mkononi. Upande wa kushoto hivyo hivyo. Hapo hakuna bati, kuna puti, lile tope la kuzibia mashimo kabla ya rangi. Nilifungua buti, nikainua zulia na yale maganda ya pembeni, nikamulika mahali shokapu ya nyuma inaposhika bodi. Rangi ilikuwa mpya lakini ilikuwa na malengelenge. Niliweka ncha ya bisibisi juu ya lengelenge moja nikasukuma kwa kidole gumba, bila nyundo, na bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Nilipoitoa, vumbi jekundu la kutu lilimwagika juu ya tairi la akiba.

"Fundi, hapo tunachomelea bati, mambo yanaisha," dalali akasema.

Nataka msomaji wa Dodoma aelewe kwa nini mambo hayaishi. Impreza haina fremu ya chuma kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na uzito wote wa nyuma unaishia kwenye vile vikombe viwili ambamo shokapu zimefungwa. Maji na matope yanarushwa na tairi, yanaingia kati ya mabati mawili, yanakaa. Huku pwani yanakaa pamoja na chumvi. Gari la namna hiyo ni nyumba yenye nguzo zilizoliwa na mchwa: utapaka chokaa, utabadili mapazia, na bado hulali kwa amani. Kukata vikombe hivyo na kuchomea vingine kunataka kupima ili pembe za tairi zirudi mahali pake, na mafundi bodi wanaofanya hivyo kwa vipimo ni wachache. Wengi wanaweka kiraka juu ya kutu, wanapaka puti, wanapulizia rangi, na kutu inaendelea kula ndani kimya kimya. Siku shokapu itakapopasua bati mtu akiwa kwenye mteremko na abiria ndani, hakuna atakayekumbuka kwamba injini ilikuwa inawaka vizuri.

Nililiendesha vilevile, maana sikutaka kumhukumu mtu kwa kosa moja. Kwenye uwanja wazi nilikata usukani mpaka mwisho, nikaachia klachi taratibu gari lizunguke lenyewe. Likawa linajikwaa, linashtuka kama limeshikwa breki. Hiyo ni difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma. Tairi mbili za mbele zilikuwa mpya na za nyuma zilikuwa kipara, na gari linalovuta tairi zote nne halivumilii jambo hilo. Tairi zikitofautiana mzingo, difu ya kati inafanya kazi saa zote bila kupumzika, mafuta yake yanaungua, inakufa. Ukikuta WRX ina tairi za aina mbili, uliza tangu lini.

Nilimwambia mpwa wangu tuondoke. Alikaa kimya njia nzima, na tulipofika gereji akasema, "Mjomba, hili linatembea. Lile la Moshi uliloniambia nilisubiri haliwaki kabisa. Unaniambia niache linalotembea nikanunue lililokufa?"

Nikamwambia ndiyo, kama lililokufa lina bodi nzima.

La Moshi lilikuwa la mzee mstaafu, jeupe, limeegeshwa chini ya paa la mabati pembeni ya nyumba, limejaa vumbi na kinyesi cha kuku juu ya boneti. Mpwa wangu alimpa shikamoo akiwa amenuna, akaitikiwa marahaba na akaletewa chai. Mzee yule ndiye aliyeliagiza kutoka Japani, hakuna mwingine aliyewahi kulimiliki hapa nchini. Alitoa faili la kadibodi. Ndani kulikuwa na karatasi za bandarini, kadi yenye jina lake, risiti za kila oili aliyobadilisha, nyingine wino umefifia. Alisema gari lilichemka akitokea Same, akasikia mlio, akazima, akalivuta mpaka nyumbani. Fundi wa mtaani alimwambia ni gasketi ya hedi.

Nililala chini. Nimekagua magari mengi ya Tanga na Pangani, na kila ninapokagua gari lililokaa Kilimanjaro au Arusha nashangaa tofauti. Sakafu ilikuwa kavu. Bolti za shokapu zilikuwa na alama za kiwandani. Upinde wa tairi za nyuma ulishika sumaku pande zote mbili. Kwenye vikombe vya buti nilikwaruza kwa bisibisi, nikakuta rangi ya Japani na chini yake bati linalong'aa. Namba ya chesisi na namba ya injini zote zililingana na kadi.

Kisha nikafungua oili. Nilikuwa nimeweka beseni jeupe, na oili ilipotulia nikaelekeza tochi. Ilikuwa na chembechembe zinazometameta, nyembamba kama magamba ya dagaa. Hizo zinatoka kwenye beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, mhimili wa injini. Gasketi ikiungua peke yake, utaona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au mapovu kwenye rejeta gari likinguruma, au maji yanapungua bila kuvuja. Chembe za chuma ni habari nyingine. Injini ile imesaga beringi, krenki imekwaruzwa, na kwa kuwa turbo inalainishwa na oili hiyo hiyo, nayo imemeza vile vipande. Kwa hiyo lile neno "gasketi tu" lilikuwa na maana ya injini nzima na turbo yake. Nilimweleza mzee pale pale mbele ya mpwa wangu, nikamwonyesha beseni. Hakubisha. Alikuwa anataka milioni 6 na nusu, wakaelewana milioni 5.

Msomaji wa Dodoma, hapa ndipo ninapokuomba unisikilize sana. Gari lisilowaka haliwezi kujaribiwa. Hujui gia ya tatu inaingiaje, na gia boksi ya gia 5 ya magari haya haipendi kabisa vijana wanaoondoka kwa kuachia klachi kwa kishindo. Hujui turbo inavuta au inakula oili. Hujui difu. Muuzaji akisema kilichobaki ni kitu kidogo, jiulize kwa nini yeye hakukifanya kitu hicho kidogo akauza gari zima kwa bei kubwa. Pengine hana pesa kweli, inatokea. Lakini usilipe kwa maneno yake. Hesabu kila ambacho hujakiona kikifanya kazi kuwa kimekufa, ukikikuta kizima ushukuru.

Hesabu ya mpwa wangu tuliiandika kwenye karatasi kabla hajatoa pesa, na naiweka hapa kwa sababu hakuna anayewaonyesha vijana hesabu nzima. Gari milioni 5. Kulibeba kutoka Moshi hadi Tanga juu ya lori, 600,000. Injini ya mtumba pamoja na turbo yake, milioni 3.8 kwa bei niliyopewa na wauza spea wa Dar es Salaam. Mkanda wa taimingi na rola zake, wota pampu na sili za krenki, 700,000. Klachi 500,000. Rejeta na mipira ya maji 400,000. Shokapu nne na bushi 900,000. Tairi nne za aina moja 800,000. Ufundi niliuandika 600,000 ingawa ni mimi mjomba wake, kwa kuwa nilitaka aone gharama ya kweli. Jumla milioni 13.3. Juu ya hapo nikamtaka aweke pembeni theluthi ya gharama za matengenezo kwa yale tusiyoyajua, kama milioni 2.7. Ikafika milioni 16.

Kwa hiyo gari la milioni 5 ni gari la milioni 16. Lile la kwako la milioni 7, likihitaji kazi ya namna hiyo, litafika milioni 18. Kama unayo 18, na bodi ni nzima, na kadi ni safi, nunua, na uwe na furaha nalo. Kama unayo 7 na matumaini, liache. Nimeona magari mengi mazuri yakifia gereji kwa sababu hiyo. Injini inashushwa, pesa inaisha, mwenye gari anaacha kupita. Mwezi wa kwanza bolti zinakaa kwenye kopo. Baadaye kopo linahamishwa, mtu anaazima altaneta "kidogo tu," mwingine anaazima rejeta, na gari lililoingia likiwa limekosa kitu kimoja linatoka likiwa ganda. Mafundi wengine tuna lawama hapo, lakini chanzo ni pesa iliyokuwa ya kununua tu.

Kuhusu injini ya mtumba, msikubali maneno ya "hii ni EJ20 turbo, zote sawa." EJ20 ni jina la injini hii ya Subaru ya lita 2. Haziko sawa. Subaru Legacy nyingi za Japani za miaka hiyo zilikuwa na EJ20 yenye turbo mbili, na hiyo ukiipeleka kwenye Impreza utakesha na mabomba na nyaya. Hata za turbo moja zimebadilika nyaya na kompyuta mwaka hadi mwaka. Ukiweza kupata pua nzima ya gari iliyokatwa, yenye injini, nyaya zake na kompyuta yake, chukua hiyo hata kama bei imezidi. Muuzaji akubali ipimwe mgandamizo wa silinda kabla hujalipa. Zote nne zikaribiane. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, mwachie mwenyewe. Na mkanda wa taimingi badili injini ikiwa bado chini, siyo baada ya kuifunga. Mkanda huo ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na wota pampu inazungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo pampu ikijam inaondoka na vyote. Kuokoa laki chache hapo ni kuiua injini uliyoinunua jana.

Jambo la petroli nalo watu hawaliambiwi. WRX za soko la Japani zilitengenezwa zikitarajia petroli ya oktini 100, yaani inayohimili sana kubanwa kabla ya kulipuka yenyewe. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukiliendesha kwa busara litakutumikia. Ukienda kwa "fundi wa kompyuta" akakuongezea msukumo wa turbo, ukatoa na bomba la ekzosi la kiwandani ili lipige kelele, mchanganyiko wa hewa na petroli unalipuka kabla ya wakati wake, na kinachopasuka ni kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Dalili yake ni moshi wa buluu na nguvu kupungua. Mpwa wangu ameshaahidi kuliacha kama lilivyotoka kiwandani, na nitamkumbusha.

Kuna hoja mbili katika majibu ya wale wasomaji wawili ambazo siwezi kuziacha zipite.

Ya kwanza ni kwamba magari haya "ni mali, thamani inapanda." Ni kweli kwamba Marekani inaruhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 25 bila kulazimika kutimiza masharti yao ya usalama ya gari jipya, na kwa sababu hiyo magari ya spoti ya Kijapani ya miaka ya 1990 yamepata wateja wapya wenye pesa na bei imepanda huko Japani. Lakini mteja huyo anatafuta gari ambalo halijakatwa, lenye injini yake ya kuzaliwa, lenye historia iliyoandikwa. Anayelinunua Yokohama hana haja ya kuja Dodoma kutafuta lililobadilishwa injini na lililowekwa puti. Nunua gari hili kwa kulipenda na kuliendesha. Kama unataka mali, nunua kiwanja.

Ya pili ni ya Safari Rally, mbio za magari za Afrika Mashariki. Msomaji aliandika kwamba gari lililoshinda Safari haliwezi kushindwa na barabara ya Dodoma. Naiheshimu Safari kuliko mtu yeyote. Ilianza mwaka 1953, na enzi zake ilikuwa ikipita Kenya, Uganda na kwetu. Wazee wetu walikuwa wakisimama kando ya njia kuona Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971, kisha mwaka 1973 ikashinda tena, safari hiyo ikiwa mikononi mwa dereva Shekhar Mehta. Impreza ilishinda mwaka 1997 na McRae, ikashinda tena mwaka 2000 na Richard Burns. Hata kile kigari kidogo cha Subaru Vivio kilimaliza Safari ya mwaka 1993 kikiendeshwa na Patrick Njiru, na watu wa Kenya hawajakisahau. Lakini aliyeona mbio zile aliona pia magari ya mafundi. Kila kituo gari lilikuwa likiinuliwa, shokapu zinatolewa zinawekwa nyingine, tairi, breki, wakati mwingine gia boksi nzima. Ushindi ule ulikuwa wa dereva, wa gari, na wa wale watu wenye spana waliokuwa wakilisubiri mbele. Anayenunua WRX ya zamani ajiulize nani atakuwa anamsubiri mbele yeye. Dodoma kuna fundi anayeijua injini hii kwa kuifungua, au kuna anayeijua kwa kuisikia? Plagi zake tu ziko ubavuni, zimebanwa na bodi, na nimeshapokea magari ambayo fundi alibadili plagi mbili za juu juu na kuacha mbili kwa kuwa mkono haukufika.

Kadi nayo sitaipita haraka. Kwa majirani zetu Kenya gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa. Kwetu linaingia, ila likizeeka linatozwa ushuru wa ziada kwa uzee wake. Matokeo yake, WRX nyingi za umbo hili zinazouzwa hapa ni zile zilizokwisha kuingia zamani, na zimepita mikono mingi. Unakuta kadi ina jina la mtu wa nne kurudi nyuma, wengine wote waliuziana kwa karatasi ya daftari. Unakuta kadi ni nakala, halisi iko benki kama dhamana ya mkopo. Unakuta namba ya injini kwenye kadi siyo iliyo kwenye injini, kwa sababu injini ilibadilishwa na hakuna aliyekwenda TRA, mamlaka ya mapato. Nenda na namba ya chesisi TRA ukaulize mwenyewe, kabla ya kulipa, na aliyeandikwa kwenye kadi aje mbele ya mwanasheria kusaini. Akisemekana yuko safarini, subiri arudi. Na wewe ukishafunga injini nyingine, peleka taarifa namba ibadilishwe kwenye kadi, maana askari wa usalama barabarani atakayefungua boneti hatasikiliza hadithi ya gasketi.

Jambo jingine dogo: usiuze gari unalotumia kila siku ili ununue hili. Mpwa wangu bado anakwenda kazini na Toyota IST yake. WRX iko kwangu, injini imeshafika kutoka Dar es Salaam na imepimwa, gia boksi tuliifungua tukakuta gia ya tatu imelika meno kidogo, kwa hiyo ile akiba ya theluthi imeshaanza kuliwa. Alinipa pesa bila kulalamika, kwa sababu tulikuwa tumeiandika.

Mhariri, nina ombi kwako pia. Katika kurasa zenu za matangazo magari haya yanaandikwa "linahitaji matengenezo madogo." Wekeni sharti kwamba anayetangaza gari lisilowaka aseme wazi kwamba haliwaki, aseme kadi ni ya nani, na aseme kama injini imebadilishwa. Hayo ni maneno machache, hayatamzuia muuzaji mkweli, na yatawaokoa vijana wengi ambao pesa hiyo wameikusanya kwa jasho.

Nawe msomaji wa Dodoma, kabla ya Jumamosi fanya kazi hii: chukua sumaku, tochi na bisibisi, inua zulia la buti la gari hilo, kisha uniandikie kupitia ukurasa huu ulichokiona. Na yeyote wa Tanga, Muheza au Pangani anayetaka kununua gari la aina hii aje nalo gereji, au anipeleke lilipo. Nitalikagua bila malipo, mradi awe hajatoa pesa.

Fundi magari,
Chumbageni, Tanga